Shangazi, nimemkasirikia kijana wa katuni

Shangazi, shikamoo.

Sijui nianzie wapi usinicheke. Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi wa simu hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Baba alikwisha tangulia mbele ya haki, naishi na mama na mdogo wangu. Siku zangu ni dukani, msikitini na barazani, basi. Sasa nimeshikwa na huzuni kwa ajili ya katuni, na ndani ya hiyo huzuni mna jambo jengine.

Ni hivi. Kusi lilipoanza, wageni wakapungua na kazi ikalegea, jirani yetu mmoja, binti wa miaka 25 anayefunza watoto wa chekechea, aliniletea flashi. Kaka yake anayesoma Mombasa alimtilia mfululizo wa katuni za Kijapani, lakini simu yake ikakataa kuusoma. Nikamhamishia, nami nikabakisha nakala kwenye kompyuta ya dukani. Unaitwa Macross, ulionyeshwa Japani kuanzia Oktoba 1982 hadi Juni 1983, vipindi 36. Mama alikuwa msichana wakati huo! Nilidhani ni maroboti ya kupigana tu, nitazame kimoja nilale.

Kwa vile huenda hujauona, nikueleze kidogo. Kuna meli kubwa ya angani, tumboni mwake mna mji mzima wa watu, na majitu kutoka nyota za mbali yanaipiga vita. Majitu hayo hayajui nyimbo wala mapenzi, waume wao na wake wao hawaishi pamoja, na yakisikia wimbo yanachanganyikiwa. Hikaru ni rubani wa ndege ya vita inayogeuka roboti. Anampenda Minmay, msichana aliyekuwa akikaa kwa jamaa zake wenye mkahawa, ambaye baadaye anakuwa mwimbaji wa kupigiwa mfano. Halafu kuna Misa, afisa mkubwa wake kazini. Mwanzo hawapikiki chungu kimoja, kumbe mbele ya safari Misa ndiye anayempenda.

Mimi na jirani tulikubaliana kipindi kimoja kila usiku baada ya Isha, kila mtu kwao, kisha tuambiane kwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Usiku wa kwanza wake ulikuwa wa sekunde kumi. Tulipofika kipindi cha 18, alipokufa Roy, aliyekuwa kama kaka kwa Hikaru, aliniletea wa dakika sita, analia huku anajicheka. Umeme ukikatika tulingojana. Shangazi, hatujapata kuketi pamoja hata siku moja. Tukikutana njiani, pale pembamba ambapo ukikabiliana na punda lazima mmoja wenu arudi nyuma, tunasalimiana tunapita. Lakini usiku nikiisikia sauti yake najua siku yake ilikuwaje hata kabla hajasema.

Kuanzia kipindi cha 28 nikaanza kukasirika. Vita vimefika kilele kwenye cha 27, dunia karibu yote imeungua, watu wachache wamebaki. Nikasema sasa Hikaru atatulia. Wapi! Vipindi tisa anayumba baina ya wanawake wawili. Misa anamsafishia nyumba, na yeye albamu yake imejaa picha za Minmay. Kuna siku wameahidiana kwenda kutembea, Misa amepika na kufungasha chakula, anamngoja mkahawani saa baada ya saa, kumbe bwana yuko na Minmay anazawadiwa skafu. Niliifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Nikamtumia jirani sauti, nikamtukana Hikaru vibaya: mwoga, hajijui, anawapotezea watu umri wao. Akanijibu kwa maandishi, si kwa sauti: "Mbona wamkasirikia hivyo? Hikaru si wewe?" Akatia na kile kikatuni cha kucheka.

Sasa sikiliza lililonikalia kooni. Tangu kabla ya Ramadhani mama amepeleka neno kwa mjomba, Malindi, kunitakia binti yake. Kishika uchumba hakijatolewa, lakini mzee mmoja wa kwetu amekwenda akapokelewa vizuri, na kinachongojwa ni mimi na mama tusafiri baada ya Idi Kubwa. Huyo binti nimemwona mara mbili. Ana adabu, sina neno baya juu yake. Mama aliponiuliza nilisema "Sawa, mama", kwa sababu wakati ule sikuwa na jengine la kusema. Jirani sikumwambia. Lakini hapa Lamu habari yako hupanda boti kabla hujapanda wewe.

Kipindi cha mwisho, Hikaru alimwambia Misa kwamba ndiye anayempenda, na Minmay akaenda zake peke yake kwenye theluji. Nilifurahi kwa Misa, nikalia kwa Minmay, na sikujua kilio ni cha nani hasa. Nikarekodi sauti ya sekunde 42, nikaifuta. Nikaandika tu, "Imekwisha." Akajibu, "Alhamdulillahi, imekwisha." Leo ni siku ya kumi na moja, kimya. Kila baada ya Isha mkono wangu unakwenda kwenye simu wenyewe.

Je, haya ni mapenzi au ni mazoea ya katuni? Mama nimwambie nini? Kuna mfululizo mwengine wa jina hilo, Macross Frontier, wa 2008, na nafikiria kumwambia jirani tuanze huo ili tusipoteane. Hata flashi yake bado iko kwenye droo yangu. Rafiki niliyemdokezea alicheka akasema mwanamume mzima analilia midoli. Nisaidie.

Mtazamaji, Langoni

---

Marahaba, mwanangu. Ndoo uketi.

Sikukucheka. Nilicheka pale kwa punda tu, kwa kuwa yalinipata mimi juzi, na aliyerudi nyuma ni mimi.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikamwita mpwa wangu anionyeshe huyo Hikaru. Vyote 36 siviwezi, macho yangu hayana ubavu huo, lakini nilivyotazama vilinitosha kujua umetoka wapi. Pale mwanzo, meli inaporuka bila kutarajiwa, inakinyakua kisiwa kizima na watu wake na kwenda kukibwaga karibu na Pluto. Na wale watu, badala ya kukaa kulia, wanajenga upya mitaa na maduka tumboni mwa meli. Nikaiwaza Lamu ikinyanyuliwa hivyo, na punda zake na mabaraza yake, na wazee wa Mkunguni wakiwa huko kwenye nyota wanabishana ni nani aliyeacha boti bila kufungwa. Mpwa wangu alinikanya nisizungumze katuni ikiendelea.

Rafiki yako mwache. Usiku 36 ni zaidi ya Ramadhani nzima. Na sote tunajua, Idi ikishapita, siku mbili tatu magharibi ikiadhiniwa mkono bado hutafuta tende, na hakuna anayemwambia mtu huyo kwamba amerukwa na akili. Ulikuwa na saa yako, na mwenzio wa saa hiyo, na jambo la kuzungumza lisilomdhuru mtu. Vyote vitatu vimekatika usiku mmoja. Ningeshangaa kama mkono wako ungetulia.

Nikikuelewa, unasema hivi: umeposewa kwa idhini yako, japo idhini yenyewe ilikuwa nyepesi, halafu ukazoeana na sauti ya mwanamke mwengine, hadithi iliyowakutanisha imekwisha, na sasa hujui kama unamlilia yeye au unailia hadithi. Juu ya hayo, neno moja alilokuandikia kwa kucheka limekuchoma, na tangu siku hiyo unajiona wewe ndiye yule kijana uliyemtukana. Kama nimekosea mahali, nirekebishe.

Waniuliza ni mapenzi au ni mazoea. Mimi hilo "au" linanipa tabu. Umri huu wangu nimeona nyumba nyingi zilizosimama kwa mazoea: mtu kujua mwenziwe akikohoa vile maana yake nini. Wewe mwenyewe umeandika kwamba waisikia sauti wajua siku yake ilikuwaje. Hilo si dogo. Lakini nikuonyeshe na upande wa pili. Sauti ya usiku ni mtu aliyekwisha kuoga na kujifukiza udi. Ule ujumbe wa dakika sita hujui ameufuta mara ngapi kabla ya kuutuma, kama ulivyofuta wako. Hujamwona akikasirika kwa jambo lisilohusu Misa na Hikaru. Hujui akiudhiwa husema au hununa, wala pesa huziona vipi, wala kwao wana mipango gani naye. Yeye pia hajui hayo juu yako. Mnajuana sana mahali pamoja, penginepo hamjuani kabisa.

Sasa tuje kwenye hasira yako, maana hapo ndipo niliposimama muda mrefu.

Kipindi cha 28, Misa yuko peke yake nyumbani kwa Hikaru, anasafisha, anaifungua ile albamu na kukuta Minmay kila ukurasa. Mimi na wewe tulimwona. Tuliingizwa chumbani, tukauona uso wake. Hikaru hakuwemo! Yeye alikuwa kazini, anajua tu kwamba akirudi nyumba imenyooka. Wewe wamlaumu kwa kutojua jambo ambalo wewe ulionyeshwa na yeye hakuonyeshwa. Simtetei kwa ile siku ya chakula mkahawani, pale hata mimi nilisonya. Lakini mtazamaji ana macho ambayo mtu aliyemo ndani ya hadithi hapewi.

Nawe umejiita Mtazamaji, ukayatazama maisha yako kwa macho hayo hayo, kana kwamba kuna mtu alikuingiza vyumbani. Umeandika kana kwamba wajua jirani ameumia. Umeandika kana kwamba wajua mama hatasikia. Na ule ujumbe, "Hikaru si wewe?", umeuchukua kuwa hukumu. Huenda ni hukumu. Huenda ni mzaha wa msichana aliyechoka saa nne ya usiku. Huenda habari ya Malindi imemfikia na alikuwa anakupa nafasi useme mwenyewe. Au alikuuliza swali la kweli kabisa, akatia kicheko ili ukikosa jibu asiaibike. Maneno ni yale yale, na wewe umechagua moja ukalibeba siku zote hizi.

Kuna mwengine ambaye barua yako haikuingia chumbani mwake hata kidogo. Binti wa mjomba amepata mstari mmoja na nusu: ana adabu, huna neno baya juu yake. Basi? Minmay umemlilia, Misa umemtetea mpaka ukatoka nje usiku, na huyu wa damu na nyama aliyeko Malindi sijui hata kama anapenda kucheka. Kuna aliyemuuliza? Pengine naye aliambiwa na baba yake, akasema "Sawa, baba", kwa kuwa wakati ule hakuwa na jengine la kusema. Nasema pengine. Mimi pia sikuwemo.

Na mama. Aliuliza, ukajibu sawa. Kwa jibu hilo akamtuma mzee wa watu kwa kaka yake, akaweka uso wake mbele. Simwoni kama ukuta katika jambo hili, angalau si kwa uliyoniandikia, maana hujampa kitu cha kukataa.

Njia ziko, na hapana hata moja isiyo na mwiba.

Ya kwanza ni kuketi na mama kabla hujasema neno kwa jirani. Si lazima umwambie una mtu. Waweza kumwambia tu kwamba ile "sawa" uliitoa upesi na unaomba safari isogezwe mbele. Ataudhika, na ataona haya kwa kaka yake, na huenda akauliza ni nani aliyekutia maneno. Jitayarishe kwa swali hilo, kwa sababu akiligundua jina mwenyewe, lawama haitakuangukia wewe, itamwangukia msichana. Uzuri wake ni kwamba kishika uchumba bado. Kikishatolewa, bei ya maneno hayo hayo itapanda.

Kama utaona uanze na jirani, fikiria mtaa wenu ulivyo mwembamba. Akikwambia hakuwa na nia hiyo, mtaendelea kupishana pale pa punda kila siku ya Mungu. Akikwambia ndiyo, utakuwa umepokea neno la mtu huku lako bado liko Malindi, na huo ni mzigo. Yeye anafunza watoto wa watu. Sauti za usiku, zikijulikana, wewe utaambiwa kijana, yeye ataambiwa mengine. Sikulaumu, hamkuvunja heshima, lakini mizani ya watu waijua ilivyo. Ndiyo maana wazee waliweka mashangazi na dada wa kwenda kupima maji kabla ya mtu kuingia. Kama unaye mwanamke wa kwenu mwenye kifua, huenda akalifikisha swali bila kumwacha mtu uchi. Lakini mjumbe naye hulipaka neno rangi yake, na baina yenu nyinyi wawili hapajapata kuwa na mjumbe.

Halafu iko njia ya kwenda Malindi kama ilivyopangwa. Usidhani nitakwambia ni njia ya woga. Ndoa ngapi zimeanza na "sina neno baya" zikaja kuwa nyumba za kutamaniwa. Max na Milia kwenye katuni yako, yeye binadamu, mke wake wa upande wa adui, walionana wakaoana vita vikiendelea, yakawafaa. Lakini hao mwandishi aliwapenda, sisi hatujui wetu ametuandikiaje. Hatari yake ni moja ninayoiona, nayo waijua kuliko mimi kwa vile ulifunga kompyuta kwa ajili yake: mtu kukaa na chakula alichokifunga kwa mikono yake, na aliyeahidiwa yuko pengine, hata kama ni kwa moyo tu. Ukienda, nenda ukamtazame yule binti kama mtu ambaye hadithi yake haijaanza, mzungumze mbele ya wakubwa, umuulize anataka nini. Huenda ukarudi na jibu ambalo wala si langu wala si lako.

Kuhusu Frontier, mpwa wangu alicheka nilipomsomea. Vipindi 25, ameniambia, na huko pia kuna kijana mmoja na wasichana wawili, na kilivyoonyeshwa kwenye televisheni kinamalizika hajachagua waziwazi. Nakuelewa kwa nini wakitaka. Utapata tena saa yako na sauti yake. Lakini Idi Kubwa haitangoja kipindi cha 25, na safari hii wewe utakuwa unajua ulilo nalo moyoni, yeye hajui. Mara ya kwanza nyote mlikuwa hamjui. Nawe wajua hayo yanaitwaje ukiyatazama kwa mtu mwengine.

Jambo jengine nitalisema kwa kuwa ni maoni yangu tu. Umevilalamikia vile vipindi tisa. Mpwa wangu anasema watengenezaji walikuwa wamepanga kukomea kwenye cha 27, ikapendwa, wakaongezewa hadi 36. Na kweli, waonekana wameongezewa: hakuna kishindo, watu wanazunguka doria, wananunua vitu, wananuniana. Mimi nilivipenda kuliko vita. Huko ndiko nilikowaona wakiwa watu. Labda ndiyo sababu vilikuudhi, sijui, wewe utaniambia.

Istikhara waijua, sikufunzi. Ila kabla yake au baada yake, ningependa ukae mahali usikosikika, uirekodi tena ile sauti ya sekunde 42 kama ulivyoirekodi usiku ule, usiitume kwa mtu, uisikilize wewe. Uone kama mle ndani kuna jina la Misa au la Minmay, au ni maneno ya mtu anayemwambia mtu. Hilo siwezi kulisikia nikiwa huku.

Na flashi ya watu iondoe kwenye droo. Waweza kumpa mdogo wako aipeleke mlangoni kwao, au uipeleke wewe mwenyewe mchana kweupe, mama yake akiwa barazani. Mambo hayo mawili hayafanani, na nadhani ndiyo maana mpaka leo haijatoka.

Shangazi